Programu Huria: Msimbo ni wa Wote, Taarifa ni za Mwenyewe

Kila mwisho wa mwezi, muuguzi katika zahanati hujumlisha takwimu kutoka katika rejista za MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Huhesabu wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliopata chanjo na wagonjwa waliopimwa malaria. Takwimu hizo huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, ambao kwa Tanzania Bara ulisambazwa nchi nzima kufikia mwaka 2013, ili zisomwe katika ngazi ya halmashauri, mkoa na wizara. Jambo ambalo wananchi wengi hawalifahamu ni kwamba leseni ya programu hiyo hailipiwi. DHIS2 ni programu huria.

Kila programu ya kompyuta hutokana na maelekezo yaliyoandikwa na wataalamu, yanayoitwa msimbo chanzo. Kampuni nyingi huuficha msimbo huo na kumuuzia mteja leseni ya kutumia tu. Programu huria hufuata njia nyingine: msimbo huwekwa wazi, na leseni yake humruhusu yeyote kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuusambaza. Msingi wa fikra hiyo uliwekwa na Richard Stallman wa Marekani, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Mwaka 1991, Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi nchini Finland, alitoa Linux, ambayo leo huendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti na ndiyo kiini cha simu za Android.

Historia ya DHIS2 inaanzia Afrika Kusini mwaka 1994, baada ya kuanguka kwa utawala wa ubaguzi wa rangi, wakati nchi hiyo ilipohitaji kuunganisha huduma za afya zilizokuwa zimegawanywa kwa misingi ya rangi. Toleo la kwanza lilijengwa juu ya Microsoft Access, hivyo mtumiaji alibaki akitegemea programu ya kulipia. Toleo la pili, linaloratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, liliondoa utegemezi huo na kuwezesha kazi kufanyika kupitia intaneti. Kenya iliusambaza mfumo huo nchi nzima mwaka 2011, na sasa unatumika katika nchi zaidi ya 80.

Faida ya uhuria huo ilidhihirika mwezi Januari 2020. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoanza kuenea, wataalamu wa Sri Lanka hawakusubiri idhini ya kampuni yoyote. Walirekebisha DHIS2 ili kufuatilia wasafiri wanaoingia nchini mwao, kisha kazi yao ikatolewa kwa nchi nyingine, ambazo ziliichukua na kuifanyia marekebisho yake zenyewe. Tatizo lililotatuliwa na taifa moja likawa limepunguza kazi ya mengine.

Hata hivyo, huria si sawa na bure. Leseni hailipiwi, lakini seva, umeme, mtandao, mafunzo na mishahara ya wataalamu wa TEHAMA vinalipiwa. Ndiyo maana kampuni kubwa zinapata faida kwa kutoa huduma za msaada badala ya kuuza leseni. Mwaka 2019, IBM iliinunua kampuni ya programu huria ya Red Hat kwa takriban Dola za Marekani bilioni 34. Taasisi inayochukua programu huria bila kutenga fedha za matunzo ni sawa na kijiji kilichochimbiwa kisima lakini hakina fundi wa pampu.

Jambo la pili la kuzingatia ni leseni yenyewe, kwa kuwa yaweza kubadilishwa. Mwezi Machi 2024, kampuni inayomiliki Redis, programu ya kuhifadhi data inayotumiwa na taasisi nyingi duniani, ilibadilisha masharti ya matoleo yake mapya na kuyawekea mipaka ambayo haikuwapo. Siku chache baadaye, wataalamu walichukua msimbo wa toleo la zamani na kuanzisha mradi mwingine, Valkey, chini ya Taasisi ya Linux. Mabadiliko hayo hayakuweza kuwanyang'anya watumiaji kile kilichokwisha kutolewa kwa leseni huria.

Swali ambalo wananchi huuliza zaidi ni la usalama: ikiwa msimbo uko wazi, je, wahalifu hawatautumia? Tukio la mwezi huohuo wa Machi 2024 linatoa jibu lenye pande mbili. Mhandisi Andres Freund aligundua kuwa kuingia katika seva kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Alipofuatilia, alikuta mlango wa siri uliopachikwa katika XZ Utils, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika katika mifumo mingi ya Linux. Uwazi ulimwezesha kuubaini kabla haujasambaa kwa upana. Lakini mlango huo ulipachikwa kwa sababu mradi ulikuwa mikononi mwa mtu mmoja aliyejitolea, naye akamwamini msaidizi ambaye nia yake ilikuwa ovu. Msimbo ulio wazi ni salama pale tu panapokuwa na watu wanaousoma na kuutunza.

Aidha, ni muhimu kutofautisha msimbo na taarifa. Uwazi wa programu haumaanishi uwazi wa faili la mgonjwa. Mtu yeyote anaweza kusoma jinsi DHIS2 ilivyotengenezwa, lakini takwimu zilizomo hubaki katika seva za mwenye mfumo, kwa watumiaji wenye nywila na mipaka ya kazi. Nchini Tanzania, taarifa za mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, bila kujali programu inayozihifadhi ni huria au ya kulipia.

Kwa hiyo, mwananchi anaposikia kuwa taasisi ya umma imeanza kutumia mfumo mpya, bei ya leseni ni swali moja tu. Yapo mengine matatu yenye uzito zaidi: nani ataufanyia marekebisho, msimbo wake unaweza kuchunguzwa na nani, na taarifa zitahamishwaje iwapo mfumo utabadilishwa? Majibu yake ndiyo yatakayoonesha kama takwimu za yule muuguzi wa zahanati zitaendelea kusomeka miaka kumi ijayo.