Kabla hujatuma pesa, uliza picha ilipigwa lini

Saa tano usiku, uko kitandani, simu iko usoni. Inapita video ya mtoto anateleza kwenye slaidi ya samawati, anatumbukia majini puu, anaibuka akicheka. Chini yake wameandika: familia ya watu wanne, siku mbili, kiamsha kinywa na chakula cha jioni, 38,000 tu, likizo ya Aprili. Unaanza kupiga hesabu.

Hesabu hiyo niliipiga mwaka jana. Ngoja nikuambie ilivyoenda.

Kwanza nielewe. Niliacha chuo mwaka wa pili. Sababu ni ndefu na nyingine hazinipi sifa, tuziache. Lakini karo ya mwaka wa kwanza mathe aliitoa kwa mkopo wa chama, na mkopo huo aliulipa kwa kuuza mandazi hapo steji ya Umoja, akiamka saa kumi alfajiri. Hajawahi kunirushia neno hata moja, na hapo ndipo panapouma. Kwa hivyo nilipoanza kupata vijisenti vya kuandikia maduka matangazo ya mtandaoni, niliweka kando kidogo kidogo kwa miezi saba. Mathe ana miaka 52 na alikuwa hajawahi kuona bahari. Safari hiyo ilikuwa msamaha ambao sikuwa na mdomo wa kuuomba.

Tulipanda SGR, mathe, sistangu, mpwa wangu wa miaka saba na mimi. Daraja la kawaida ni 1,500 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto, kwenda na kurudi 10,500. Tsavo mtoto aliona ndovu, akawasahau baada ya dakika mbili, akarudi kwa mada yake.

"Anko, slaidi ni ngapi?"

"Tano." Nilikuwa nimezihesabu kwa picha.

Na tano zilikuwepo, hapo siwezi kuwasingizia. Ila tatu zilikuwa kavu, majani ya mwarobaini yamejaa ndani, moja imezungushiwa utepe. Mbili zilizobaki zilifunguliwa saa nne hadi saa sita, kisha saa tisa hadi saa kumi na moja. Nilipouliza kwa nini, kijana wa mapokezi akaniambia, "Pampu inakula stima sana, kaka." Hata zikifunguliwa, maji yalikuwa ya kuchirizika tu. Sasa slaidi bila maji ya kutosha ni plastiki iliyoota jua. Sistangu alishuka mara moja, akatoka na mkwaruzo mgongoni, akasema ameshiba.

Kidimbwi chenyewe kilikuwa kijani kama mrenda. Kilinuka klorini kali, nami nikajiambia, aah, angalau wameweka dawa. Kumbe nilikuwa nimeshika mkia badala ya kichwa. Klorini ikikutana na jasho na mkojo wa watu hutengeneza kemikali nyingine, na hiyo ndiyo inayonuka na kuwasha macho. Kidimbwi kilichotunzwa vizuri hakinuki hivyo. Jaribio jingine halihitaji mtaalamu: simama ukingoni, upande wenye kina, utazame chini. Kama huoni sakafu, basi mtoto akizama hakuna atakayemwona. Mwokoaji alikuwepo, lakini ndiye pia aliyekuwa akigawa taulo.

Mathe alikuwa amevaa dera jipya, alilotafuta Gikomba wiki nzima. Akaambiwa nguo ya pamba haiingii majini. Sheria hiyo ina maana yake, nyuzi za pamba huziba chujio, na vidimbwi vingi wanaizingatia. Lakini mbona hamkuandika pale kwa tangazo? Ya kukodi ilikuwa 300, na ile moja ya saizi yake ilikuwa bado imelowa kutoka kwa mtu mwingine. Akaiangalia, akaikunja vizuri, akamrudishia yule dada. Kisha akaketi kwa kiti cha plastiki chini ya mnazi.

"Niko sawa, baba. Enda uogelee na mtoto."

Unaijua hiyo "niko sawa". Kila mtu aliyelelewa na mathe anaijua.

Siku ya pili tulitoroka. Tulidandia matatu hadi ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule watu huita Pirates. Mathe aliingia na leso yake hadi magotini, akachota maji, akaonja kuhakikisha kweli yana chumvi, akatema. Halafu akasimama hapo dakika kama kumi bila kusema kitu. Ningetamani kukuambia tulishinda hapo hadi jioni, lakini mvua ilitufukuza saa nane.

Mvua hiyo ndiyo jibu la ile bei. Kuanzia Aprili hadi Juni Pwani ni masika, wageni ni wachache, na hoteli nyingi hutumia msimu huo kukarabati. Bei ikishuka, kuna sababu. Si vibaya, kuna watu hupata mpango safi kabisa wakati huo. Lakini piga simu. Waambie wakuonyeshe slaidi kwa video sasa hivi, maji yakishuka. Uliza ngapi zinafanya kazi na saa ngapi, na nguo gani zinaruhusiwa. Uliza hiyo picha ilipigwa lini. Mtu akianza kuzungukazunguka, weka pesa yako mfukoni.

Mimi nilikuwa nimelipa zote, na wao walisema hazirudi. Tulipofika nyumbani niliwaandikia: picha za tangazo lao, picha zangu, tarehe. Nikawakumbusha kuna Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012, na kwamba Mahakama ya Madai Madogo hupokea kesi za hadi shilingi milioni moja, na huhitaji wakili. Walikuwa wamenyamaza wiki mbili. Baada ya ujumbe huo walirudisha 8,000, wakaniomba niwape nyota nne mtandaoni. Sikuwapa.

Lakini usinipigie makofi bado. Usiku ule wa kwanza, kabla hata mkwaruzo wa sistangu haujakauka, nilikuwa nimeweka picha Instagram. Mpwa wangu juu ya slaidi, mikono hewani. Nilisubiri maji yaongezeke ndipo nikapiga. Nikakata ule utepe pembeni, nikaongeza mwangaza kidogo, nikaandika "familia kwanza". Hiyo ndiyo kazi inayonilisha, naijua vizuri.

Juzi jamaa tuliyesoma naye sekondari aliiona. "Buda, hapo ni wapi? Nataka kupeleka mathe Desemba."

Nikaandika "ni poa sana". Nikafuta. Nikatafuta ile picha yenyewe kabla sijaikata, nikamtumia. Utepe unaonekana, na majani, na maji ya mrenda.

Alikaa kidogo, kisha akajibu: "Huyo ameketi huko nyuma ni mathe wako? Mbona amebeba viatu za watu wote?"