Mujukuu wa muchimba makaa, na kura za wanaosali

Wandugu wa mine, siku ya kuchagua delege wa sendika siye wote tunajiuliza: tumupe kura mwenzetu wa kanisa, mutu wa maisha safi lakini anaogopa kusema mbele ya patron, ao ule wa mudomo mukali, hata kama kwa nyumba yake kuko matata?

Mu 2012, Waamerika wanaoshika sana mafundisho ya kanisa, wenye kukataa kutoa mimba na ndoa ya watu wa jinsia moja, waliingia mu swali lile lile. Kule, mbele ya uchaguzi wa Prezida, chama kinapigisha kwanza kura ya ndani, jimbo kwa jimbo, mpaka abaki kandida mumoja. Warepublican walitafuta mutu wa kupambana na Barack Obama.

Tarehe 3 Januari, mu Iowa, Rick Santorum alisimulia habari ya babu yake, aliyetoka Italia na kuchimba makaa ya mawe mu Pennsylvania mpaka kupita miaka 70. Alipopiga magoti kwa sanduku la marehemu, alisema, aliangalia tu ile mikono yake mikubwa. Siye tungesikiliza bila kukohoa! Santorum ni Mukatoliki, baba wa watoto saba, mupinzani mukali wa kutoa mimba. Mitt Romney, tajiri na Mumormon, zamani mu Massachusetts alikuwa ameahidi kutogusa haki ya kutoa mimba. Usiku ule walitangaza Romney ameshinda kwa kura 8. Kuhesabu vizuri, kumbe Santorum njo alikuwa mbele, kwa kura 34.

Tarehe 14 viongozi wa makanisa walikutana ku shamba moja la Texas, ili kura zisitawanyike. Wakapiga kura mara tatu, wakashika Santorum. Kisha siku saba tu, South Carolina, kwenye wanasali sana, waumini wengi wakaenda kwa Newt Gingrich, mutu wa ndoa tatu.

Juu ya nini? Gingrich alikuwa amesema aliomba Mungu musamaha. Lakini zaidi, walimuona hodari wa mabishano, anayeweza kumuangusha Obama. Santorum, yeye, alishindwa vibaya ku Seneti mu 2006. Na Prezida njo anateua majaji wa Korti Kuu, wanaokaa mpaka kufa ao kujiuzulu. Ni majaji wa korti ile walioruhusu kutoa mimba mu 1973. Mama wa kanisa alikuwa anapiga hesabu: nikimupa mutu wa roho yangu, na ashindwe mu Novemba, ni nani atateua majaji?

Kwa maoni yetu, wale hawakutupa imani. Ni kama ku depo: madini ni yale yale, mizani njo inabadilika.

Kura zikagawanyika, Romney akapita katikati. Santorum aliacha tarehe 10 Aprili. Mu Novemba waumini wengi wakamupigia Romney, bila kuimba, na Obama akarudi ku kiti.