Nembo: Uso Unaosomeka

Leo ukimtajia mtu neno "nembo", atafikiria alama iliyopo kwenye noti, jezi au barua ya ofisi. Lakini kabla ya kuhamia kwenye karatasi, nembo ilikaa kwenye ngozi. Ilikuwa chale ya kudumu iliyomtambulisha mtu kwa watu wake, na Wamakonde, wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, walisifika sana kwa kazi hiyo.

Ilikuwa kazi ya subira. Fundi alichanja uso kwa kisu kidogo, akipanga mistari na pembe zilizofuatana kutoka paji hadi kidevuni. Damu ikiwa bado inatoka, alisugua ndani ya chale unga mweusi wa mbarika zilizochomwa. Vidonda vilipopona, mchoro ulibaki na rangi ya buluu iliyokolea. Mara moja haikutosha. Kisu kilirudi palepale hadi mistari ikolee. Aliyevumilia alionekana amekomaa, na uso wake ulihesabiwa kuwa mzuri.

Kwa hiyo nembo ilikuwa maandishi, na maandishi huhitaji wasomaji. Katika uwanda wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, kila mtu alijua kuusoma uso ule. Wamakonde walipovuka mto Ruvuma kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, walikutana na macho yasiyojua kusoma. Kilichokuwa heshima nyumbani kikaitwa ushamba ugenini.

Siasa nayo ikaingia. FRELIMO, harakati ya ukombozi wa Msumbiji iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilianza vita vya ukombozi mwaka 1964 katika nchi hiyohiyo ya Wamakonde. Ilitaka watu wa makabila yote wajione taifa moja, na alama inayotangaza kabila haikupata nafasi katika ndoto hiyo. Wazazi wakaacha kuwapeleka watoto kwa fundi.

Hata hivyo, nembo haikufutika. Tazama kwa karibu kinyago cha mapiko, kile kinachovaliwa kichwani kama kofia. Mashavuni utaona vipande vyembamba vya nta ya nyuki vimebandikwa kufuata mistari ileile ya chale. Mchongaji ameihifadhi kwenye mti sura ambayo ngozi imeiacha.

Kijana wa mjini anayechorwa tatuu leo hufuata njia nyingine. Zamani jamii ndiyo iliyomwandika mtu. Sasa mtu hujiandika mwenyewe, pengine kwa jina la mwanawe au la mama aliyefariki. Huo si upuuzi, wala chale za wazee hazikuwa ushenzi. Wote wawili wamekubali maumivu ili jambo wanalolithamini lisifutike.

Wenye nembo usoni sasa ni wazee, na wanapungua. Ukikutana na mmoja wao, usimkodolee macho. Mwamkie, kaa chini, umwombe akusomee.