Chenji ya Marehemu Baba: Ndoto katika Tiba ya Nafsi

Dereva wa basi la mikoani, mwanamume wa miaka hamsini hivi, aliletwa kwangu na madaktari wa moyo. Kifua kilimbana usiku na usingizi ulimpaa, ilhali vipimo vyote vya moyo havikuonyesha kasoro. Katika kikao cha tatu, akiwa amekwisha kusimama ili aondoke, alitamka kama mtu anayeomba radhi: "Daktari, kuna ndoto inanirudia." (Ameridhia kisa chake kisimuliwe, yale yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha.)

Anaendesha basi usiku na abiria wote wamelala. Usukani umekuwa laini mikononi mwake kama unga uliokandwa. Kutoka kiti cha nyuma, marehemu baba yake anapaza sauti akidai chenji yake.

Hapo nilikosea. Dereva, usiku, usukani usioshikika: nikaona wazi kwamba ni hofu ya ajali, nikamweleza hivyo kwa ufasaha wa kutosha. Alijibu kwa adabu, "Inawezekana, daktari." Kikao kilichofuata hakuja.

Kosa langu lilikuwa lile lile la vitabu vya tabiri vinavyouzwa kando ya barabara, ambamo nyoka ni adui na jino linalong'oka ni msiba. Sigmund Freud, daktari wa Vienna ambaye kitabu chake kuhusu ndoto kilitoka mwishoni mwa mwaka 1899, alijitenga na utaratibu huo wa kila alama na maana yake. Alimtaka mwotaji mwenyewe aseme lolote linalomjia kuhusu kila kipande cha ndoto, hata likionekana la kipuuzi. Ni kweli kwamba katika matoleo ya baadaye naye alizidi kuegemea alama za jumla. Hakuna mganga asiyevutiwa na njia ya mkato.

Carl Jung, aliyekuwa mfuasi wake kisha wakaachana, alifika Afrika Mashariki mwaka 1925 na kupiga kambi kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Aliwauliza wenyeji kuhusu ndoto zao. Katika kumbukumbu zake anasimulia kwamba mzee mmoja, mwaguzi wao, alimjibu kwa huzuni kuwa tangu Waingereza waingie nchini ndoto zimekoma, kwa kuwa sasa wao ndio wanaojua kila kitu. Jung aliona katika jibu hilo anguko la mamlaka ya kale. Mimi nashuku pia jambo lililo karibu zaidi: mtu hamfunulii ndoto yake mgeni aliyekuja na kibali cha serikali, kama dereva wangu alivyofunga mdomo mbele ya daktari aliyekwisha kujua kila kitu.

Hata hivyo, kabla ya kutafuta maana, daktari ana wajibu wa kuuliza kuhusu mwili. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, huko Chicago, walieleza kipindi cha usingizi ambapo macho huchezacheza chini ya kope. Ndoto nyingi zilizo dhahiri hutokea humo. Kipindi hicho hurudi takriban kila baada ya dakika 90, na dawa kadhaa hukivuruga. Wengi waliotumia efavirenzi kwa ajili ya Virusi vya Ukimwi wanazijua ndoto zake kali. Propranololi nayo huweza kuzileta. Mzee anayepiga mateke na kurusha ngumi akiwa usingizini apelekwe kwa daktari wa neva, maana hiyo huweza kuwa dalili ya awali ya ugonjwa wa Parkinson. Aliyenusurika katika ajali au ubakaji, anayerudiwa na jinamizi lile lile, mara nyingi husaidiwa zaidi kwa kuandika mwisho mwingine wa ndoto hiyo mchana na kuurudia akilini kila siku. Na mgonjwa aliyepotewa na uhalisia hatuchimbui ndoto zake, kwanza tunamtuliza.

Dereva hakuwa na lolote kati ya hayo. Alirudi baada ya wiki tatu. Safari hii nilimwuliza swali moja tu: "Chenji hiyo ni ya nini?"

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema kwamba baba yake, alipoona siku zake zimekaribia, aliuza ng'ombe na kumkabidhi yeye, kifungua mimba, fedha za karo ya mdogo wake. Yeye akazitumia kununulia gari bovu la biashara, akiamini atazirejesha kabla ya muhula kuanza. Gari likafa. Mdogo wake akaacha shule kidato cha pili, na hadi leo anabeba mizigo sokoni akiamini baba yao hakuacha kitu.

Nisingeweza kulikisia hilo, na hakuna kitabu ambacho kingeniambia. Wala ndoto haikumfunulia siri. Alilijua siku zote. Ilimpa tu mahali pa kuanzia kulisema.

Tulikutana kwa miezi minane. Kifua kimelegea, ingawa si kila usiku, na mara moja moja baba bado hupanda basi. Mwezi wa sita alisafiri kwenda kwa mdogo wake, akamweleza yote. Yule ndugu alinyamaza, kisha akauliza ng'ombe mwenyewe aliuzwa kwa kiasi gani. Wakaketi, wakaanza kuhesabu.