Duka Lililofungwa ni la Nani?

Pepa ni mahali pa baridi na majani mazuri, juu katika milima ya Marungu, na ng'ombe hunenepa huko. Lakini leo hatutasema habari za ng'ombe. Twataka kusema habari za nyumba za biashara zilizofungwa: bati limetoboka, mlango umepigwa misumari, nao watoto hucheza barazani. Akitokea mtu mwenye kutaka kufungua duka humo, huuliza: Je, hili ni la nani?

Jambo hili lina mizizi. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatatiwa mikononi mwa wananchi. Wengi waliopewa hawakujua biashara. Bidhaa ziliuzwa, rafu zikabaki tupu. Mwaka 1976 wenyewe waliitwa warudi, lakini si wote waliorudi. Baadaye vikaja vita. Ndivyo nyumba nyingi za nchi hii zilivyobaki kuta bila bwana.

Basi, yule aingiaye kwa ruhusa ya maneno tu, akaezeka upya na kupaka chokaa, ameitengeneza mali ya nani? Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali, wala haiuzwi; raia hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo hushuhudiwa na cheti cha kuandikishwa, kitolewacho na mtunza hati za ardhi, yule aitwaye konsevatere. Barua ya chifu ni ya heshima, nasi hatuidharau, lakini si cheti. Hata hati ya kununua nyumba haitoshi, mpaka jina la mnunuzi liandikwe kitabuni.

Kwa hiyo, kabla ya kununua hata kilo moja ya misumari, ulizeni ofisini ni jina gani lililoandikwa. Likiwa la mtu aliye hai, mapatano yafanywe naye. Likiwa la marehemu, warithi watambuliwe kwanza. Hapo ndipo ndugu hugombana sana, kwani mmoja hushika ufunguo na mwingine karatasi. Wala wasikawie: cheti alichopata mtu mwingine kikipita miaka miwili, kwa sheria ile hakipingwi tena, na aliyedhulumiwa hudai fidia tu, si nyumba.

Safari ya kutoka Pepa ni ndefu, hasa wakati wa masika. Mwenye kwenda achukue karatasi zote za zamani, hata zile zilizoliwa na mchwa.