Simu za Mezani za Intaneti Ofisini: Kipimo ni Myumbo

Simu ya mezani ya intaneti huchomekwa kwenye waya uleule unaoipa kompyuta mtandao, na sauti hupita humo ikiwa imekatwakatwa vipande. Kwa ofisi ya Bulyaga, mjini Tukuyu, jambo la kwanza la kuangalia katika simu hiyo si ukubwa wa kioo wala wingi wa vitufe. Ni namna inavyopokea vipande vinavyofika bila mpangilio. Simu mbili za bei moja huweza kupishana sana hapo, ingawa maandishi ya kwenye kasha ni yaleyale.

Kodeki ni kanuni ya kugeuza sauti kuwa namba. Iliyozoeleka zaidi, G.711, hupima wimbi la sauti mara 8,000 kwa sekunde na kuandika kila kipimo kwa biti 8. Vipimo vya milisekunde 20 hufungwa pamoja kuwa pakiti moja: baiti 160 za sauti, na juu yake baiti 40 zenye anwani, namba ya mfuatano na muhuri wa wakati. Pakiti 50 huondoka kila sekunde. Ukijumlisha na mzigo wa waya wa ofisini, mazungumzo hula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, hivyo hata watu kumi wakiongea kwa pamoja hawafikishi megabiti moja. Umbali nao ni mdogo kuliko unavyodhaniwa: mwanga hupita kilomita 1,000 za faiba kwa milisekunde 5 hivi, kwa hiyo Dar es Salaam iko karibu mno na Tukuyu kwa hesabu hii.

Kinachoharibu sauti ni foleni. Mtu wa uhasibu akipandisha faili kubwa, au mnara wa simu unaoihudumia ofisi ukizidiwa na wateja jioni, pakiti moja hufika baada ya milisekunde 30, inayofuata baada ya 95, ya tatu baada ya 40. Kuita hali hiyo ucheleweshaji hakutoshi, kwa sababu pakiti zote zikichelewa sawasawa sikio halitambui mkatiko wowote. Tatizo ni kuchelewa kunakobadilikabadilika, na hapa kutaitwa myumbo.

Dawa ya myumbo ni bafa, sehemu ndogo ya kumbukumbu ndani ya simu, na kazi yake inaeleweka vizuri kwa mtu aliyekulia kwenye chai ya Rungwe, wilaya yenye mji wa Tukuyu. Malori hukusanya majani mabichi kwenye vituo vya wakulima na kuyapeleka kiwandani. Siku ya mvua lori moja hukwama kwenye tope, kisha matatu yakaingia kwa mpigo. Mashine za kukatia majani haziwezi kuendeshwa kwa mwendo huo wa kukwama na kufurika. Zinataka kulishwa sawasawa tangu asubuhi. Ndiyo maana majani hutandazwa kwanza kwenye vitanda vya kunyaushia, na mashine zikala kutoka huko. Vitanda vikiwa vichache, lori likichelewa kidogo tu mashine zinakosa cha kusaga. Majani yakikaa vitandani kupita kiasi, yanaharibika. Na lori likifika usiku wa manane na majani yaliyochemka ndani ya magunia, hayana kazi tena.

Bafa hufanya vivyo hivyo. Huzishika pakiti kwa muda mfupi, huzipanga kwa namba zake, kisha huitoa moja kila baada ya milisekunde 20 kamili. Iliyochelewa kupita zamu yake hutupwa, na simu huziba pengo kwa kurefusha sauti iliyotangulia, kiasi kwamba pengo moja halisikiki. Uzuri mkubwa uko kwenye bafa inayojirekebisha yenyewe. Husoma mihuri ya wakati, hukadiria myumbo wa dakika ile, ikajipanua mtandao unapochafuka na kujibana unapotulia. Mara nyingi hufanya marekebisho hayo pale msemaji anaponyamaza kuvuta pumzi: kimya kinarefushwa kwa milisekunde kadhaa, na maneno yenyewe hayaguswi. Msikilizaji hajui kwamba lolote limetokea.

Bafa ina mpaka wake. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) unapendekeza sauti ifike sikioni ndani ya milisekunde 150. Zaidi ya hapo watu huanza kukatizana. Ndiyo sababu setilaiti iliyo juu kilomita 36,000 haifai kwa kazi hii: kupanda na kushuka peke yake ni milisekunde 240 hivi, na hakuna simu ya kuziokoa.

Simu ya kununua, basi, iwe na bafa inayojirekebisha, na iweze kuonyesha myumbo na pakiti zilizopotea wakati mazungumzo yanaendelea. Iweke alama ya kipaumbele kwenye pakiti za sauti, na ruta ya ofisi ipangwe kuiheshimu alama hiyo. Bila ruta kushiriki, alama ni bure. Itumie SIP, itifaki ya wazi, ili ofisi isifungwe kwa mtoa huduma mmoja. Kodeki ya G.722 ni nyongeza inayostahili fedha: hubeba sauti hadi hezi 7,000, wakati simu ya zamani huishia 3,400, na majina ya watu husikika wazi zaidi. Chombo kiwe kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ya kwanza.

Umeme unadai mpango wake. Simu ya waya wa shaba ilipata umeme kutoka kwenye mtambo wa simu, hivyo ililia hata taa zikizimika. Ya intaneti hulishwa na swichi ya mtandao kupitia waya wake, hadi wati 15.4 kwa kila tundu katika kiwango cha mwaka 2003. Swichi na ruta zikiwekwa kwenye UPS moja, yaani kifaa chenye betri ya akiba, simu zote hubaki hai umeme unapokatika. Waya wa mtandao usizidi mita 100. Kwa kuwa mvua za Tukuyu huja na radi, jengo moja na jingine yaunganishwe kwa faiba, ambayo haipitishi umeme.