Faida ya Raba Imo Katika Jozi za Mwisho

Tuchukue mfano wa kijana wa Mtwara mjini anayetaka kuuza raba za kukimbilia. Ana shilingi 600,000 mbali na nauli. Anapanga kununua jozi 24 za mtumba Dar es Salaam kwa 25,000 kila moja, akauze 38,000. Kichwani ameshaiona faida ya 312,000. Kujumlisha hakukosea. Alipokosea ni kudhani kwamba jozi 24 ni bidhaa moja.

Sukari haichagui mnywaji, lakini raba huchagua mguu. Akiuza jozi 16 atapata 608,000, yaani mtaji wake umerudi na kachenji kidogo. Faida karibu yote imebaki kwenye zile 8 za mwisho, na kwa kawaida hizo ndizo namba 38 na 46, kwa sababu saizi za kati zimekwisha wiki ya kwanza. Ndipo utamsikia akilalamika kwamba biashara inakwenda ila pesa haionekani. Pesa ipo, imekaa rafuni inangoja mguu wake.

Dawa ni kupunguza aina na kurudia saizi. Afadhali mitindo mitatu yenye namba za kati za kutosha kuliko mitindo 12 ya jozi mbilimbili. Namba za pembeni ziagizwe kwa oda, mteja akishatoa kianzio. Msimamishe mteja juu ya karatasi, uchore unyayo kwa penseli, na ufanye hivyo jioni, maana mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba.

Pwani nayo ina ushuru wake. Soli nyingi za zamani zina povu la poliyurethani, ambalo unyevu wa hewa hulivunja taratibu hata kiatu kikiwa hakijavaliwa. Raba inaweza kung'aa kama mpya, ikamwagika unga siku ya pili ya mazoezi. Kabla ya kulipa, ikunje katikati, kisha bonyeza ubavu wa soli kwa kucha. Ukiona nyufa ndogondogo au alama ya kucha isiyorudi, irudishe kwenye fungu. Mteja wa Mikindani aliyeachwa na soli njiani hatakuja kudai. Atawasimulia wenzake tu.

Kisha kuna kalenda. Mtwara inakwenda na korosho. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mkoani mwaka 2007, mkulima hulipwa baada ya mnada, na minada huanza mwezi wa kumi. Mzigo mkubwa basi uwe umefika kabla ya hapo. Miezi mingine wategemewe watumishi mwisho wa mwezi, vikundi vya jogingi, na wanafunzi wanaojiandaa kwa michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, katikati ya mwaka. Nyakati hizo soksi, bukta na singlendi hulisha duka: hazina saizi nyingi, wala hazili mtaji.

Je, akodi fremu? Asiharakishe. Mwaka 1964 Phil Knight na kocha wake Bill Bowerman walichanga dola 500 kila mmoja, na Knight akawa anauza raba za Kijapani kutoka kwenye buti la gari, kwenye mashindano ya riadha huko Marekani. Kampuni yao hiyo leo ni Nike. Kusini hatuhitaji kufundishwa hilo. Neno machinga lenyewe huhusishwa na watu wa huku. Wakimbiaji wa Mtwara wako Shangani alfajiri na uwanja wa Nangwanda Sijaona jioni. Begi moja la raba likipelekwa huko litauza, na litafundisha zaidi kuliko kodi ya miezi sita.

Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inafaa, ila isichukuliwe kununua mzigo wa kubahatisha. Mkopo hauna riba, lakini una tarehe ya marejesho, na namba 46 haijui tarehe.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununua ni daftari. Ukurasa mmoja wa zilizouzwa, mwingine wa saizi zilizoulizwa zikakosekana. Safari ijayo ya Dar, abebe huo wa pili.